Nilimwomba mhariri abanie stori ya mke wangu

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 41. Tunaishi Tabata Segerea, mimi, mke wangu na binti yetu wa darasa la nne. Mke wangu ni mwandishi wa habari wa kujitegemea. Hana ajira, analipwa kwa stori, na stori isipotoka halipwi hata kama nauli na vocha zimetoka mfukoni mwake. Hilo tulishalizoea. Mwezi wake ukiwa mbaya naubeba mimi, na mwezi wangu ukiwa mbaya (mwalimu naye ana miezi yake) anaubeba yeye.

Tangu mwaka jana anafuatilia habari ya viwanja huko pembezoni mwa jiji. Vilipimwa, vikauzwa, halafu vikauzwa tena kwa watu wengine wakati wale wa kwanza wameshamwaga mchanga na tofali. Sitasema ni wapi. Kuna bibi mmoja mke wangu alimpiga picha akiwa ameshika kopo la Blue Band. Ndani ya kopo mna risiti zake zote, zimekunjwa zikawa ndogo kama hirizi. Picha ile ndiyo aliyoiweka kwenye kioo cha simu yake. Nikimwambia apumzike kidogo, hanijibu, ananionyesha kopo.

Simu zilianza Machi. Hawakumpigia yeye, walinipigia mimi. Namba ngeni, saa nne usiku, sauti ya mtu mstaarabu kabisa: "Mwalimu, habari za usiku. Wewe tunakuheshimu. Hebu mshauri mama apumzike." Mara ya pili akanitajia kituo anachoshukia binti yetu akitoka shule. Akasema, "Mtoto ana bidii yule," akakata.

Mke wangu nilimwambia kuna mtu kapiga. Habari ya kituo sikumwambia.

Kumbe naye ana yake. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakagua daftari la hisabati la mtoto. Kurasa za nyuma nikakuta namba za magari, zimepangwa kwa safu kama jedwali, pembeni rangi: nyeupe, nyeusi, vioo vyeusi. Nikamuuliza. Akasema ni mchezo wake na mama. Gari likisimama karibu na geti mpaka ukahesabu mia, unaandika. Bi Mkubwa, huyu ana miaka kumi. Siku hizi gari likipunguza mwendo nje usiku, yeye ndiye anayeinuka kuzima taa ya sebuleni. Hasemi kitu. Anazima, anarudi kwenye katuni yake.

Gereza la Segerea tunapakana nalo, karandinga likipita asubuhi tunalijua kwa mlio. Mke wangu hulifanyia utani: "Wakinikamata angalau hamtapanda daladala kuja kuniona." Zamani nilikuwa nacheka.

Ndugu nao hawajanyamaza. Mama yangu yuko Morogoro, alinipigia akaniuliza, "Baba, mwanaume ni wewe au yeye?" Kaka yangu nilimwomba mkopo wa ada, akasema hela yake haitaki matatizo. Mwenye nyumba ameanza kuulizia kodi ya miezi sita ijayo wakati hii haijaisha. Mkuu wangu wa shule aliniita, akanizungushazunguka, mwisho akasema, "Mwalimu, uhamisho huwa unakuja tu." Sikujua kama ananitisha au ananionya.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita nilimpigia mhariri wake. Tunafahamiana, tulikuwa kamati moja ya harusi. Nikamwambia kila kitu, hadi kituo cha basi. Nikamwomba aibanie ile stori. Nikalia kwenye simu, sitaki kukuficha. Akasema, "Nimekuelewa, shemeji." Stori ikalala.

Siku aliyoambiwa kuwa haitoki, mke wangu alirudi akakaa kwenye ngazi za nje mpaka giza likaingia. Akaniambia, "Wamemnunua. Hata yeye wamemnunua." Nikamletea chai. Ndicho nilichofanya, Bi Mkubwa, nikamletea chai.

Sasa ameamua ataitoa mwenyewe YouTube, kila kitu, na majina. Ameshaazima kamera. Anasema wiki ijayo.

Nimwambie nilichofanya? Nikimwambia ataniacha, namjua. Nisipomwambia ataingia kwenye moto. Nimpeleke mtoto kwa mama? Na je, mimi ni mwoga? Nijibu hilo la mwisho hata kama mengine utayaruka.

Mwalimu, Segerea

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la haraka. Mwambie leo. Usingoje wikiendi, usingoje awe na furaha, maana furaha haiji wiki hii. Mwambie kabla hiyo kamera haijawashwa.

Wala sikwambii hivyo kwa sababu ya usafi wa ndoa. Ndoa nyingi zinaishi na siri na zinafika mbali. Nakwambia kwa sababu mkeo hivi sasa anapiga hesabu kwa namba ya uongo, na namba hiyo umempa wewe. Anaamini mhariri kanunuliwa. Kwa hiyo anaamini mkono wa wale watu umeshafika chumba cha habari, hakuna wa kumtegemea, bora aende peke yake. Mkono wenyewe ulikuwa wako. Mtu anayeamua kuhusu uhai wake ana haki ya kujua hilo.

Tena angalia ulikomfikisha. Stori ikitoka gazetini ina mhariri aliyeisoma, ina mwanasheria aliyeikata maneno ya hatari, ina kampuni yenye geti na anwani ya kushitakiwa. Akiitoa mwenyewe YouTube, kwanza atakutana na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinazotaka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa anayerusha habari. Akiponea hapo, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 16 kuhusu taarifa za uongo kinawasubiri walio peke yao. Ulitaka kumtoa juani, umemvua kofia.

Na kuna jambo wake na waume wa waandishi huwa tunalijua tumeshachelewa: kipindi kibaya kuliko vyote ni kile ambacho wahusika wameshajua kuwa stori inaandikwa, na bado haijatoka. Hapo ndipo kuizuia kuna faida kwao. Ikishatoka, hasira inabaki, ila ile faida imeondoka. Wewe umeurefusha muda huo kwa mwezi mzima.

Umeuliza kama wewe ni mwoga. Mtu anayetajiwa kituo anachoshukia mwanawe halafu akalala usingizi, huyo ndiye wa kupelekwa Muhimbili. Kuogopa si kosa lako. Kosa lako ni kwamba ulichomwomba mhariri ndicho hasa yule mstaarabu wa saa nne usiku alichokuwa anakitaka. Hakumgusa mkeo, hakumtafuta mhariri, hakutoa hata bahasha. Alitumia dakika mbili za maongezi, kazi iliyobaki ukamfanyia wewe, tena ukalia. Ndiyo maana walikupigia wewe, mwanangu. Wanajua mwandishi ana ganzi, amezoea vitisho. Asiye na ganzi ni yule aliyelala naye kitanda kimoja.

Mkeo naye nitamsema hapahapa, na ukimsomea barua hii usiruke. Mama, umemfanya mtoto wa miaka kumi kuwa mlinzi wa usiku, ukauita mchezo. Mtoto hakudanganyika. Mtoto anayecheza hupiga kelele, na huyu anazima taa kimya kimya. Na lile la gereza na daladala acheni. Nyie mnacheka, mwenzenu analipigia mahesabu.

Nina haki ya kusema kwa ukali kwa sababu nimepita humo. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa magazeti. Baada ya vyama vingi kurudi 1992 magazeti binafsi yalichipuka hapa mjini kama uyoga, naye akawa mmoja wa wale waliodhani wamefunguliwa mlango wote, kumbe ni dirisha. Walikuja watu nyumbani mara mbili. Kazi ilipotea mara tatu. Mimi nilikuwa nauza maandazi asubuhi na vitenge mchana, na usiku nahesabu hatua za wapita njia. Hakuna siku hata moja aliyoniketisha akaniuliza: mama fulani, hili tunaingia au hatuingii? Alinilinda kwa kunyamaza. Nami sikumwambia kuwa mwanetu anakojoa kitandani tena akiwa na miaka tisa, ili asije akavunjika moyo. Tukalindana hivyo miaka kumi na minane, kama walinzi wa maduka mawili jirani wasiosalimiana.

Hakufa kwa risasi. Alikufa kwa presha, kitandani, ana miaka 54. Siku wanapotajwa waandishi waliokufa kwa ajili ya kazi yeye hatajwi, na sawa, hastahili kutajwa pale. Ila mimi namhesabu. Mwanetu leo ana miaka zaidi ya 40. Tukienda kula mahali lazima apate kiti kinachotazama mlango. Mkewe anadhani ni mikogo.

Wengine nchi nzima inawajua, lakini tunakumbuka jina la aliyepigwa au kufungwa, nyumba yake hatuikumbuki. Azory Gwanda wa Kibiti, aliyekuwa akiandikia Mwananchi, alichukuliwa Novemba 21, 2017. Mkewe alikuwa shambani. Alimwona mumewe akiwa ndani ya gari, akaulizwa funguo za nyumba zilipo, akaambiwa ni safari ya dharura. Mpaka leo. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Profesa Kabudi, aliiambia BBC kuwa Azory alitoweka na kufariki, kisha ikaelezwa kuwa hakueleweka vizuri. Hebu jiweke kwenye nyumba ile siku hiyo. Unakaa eda au hukai? Unapika msiba au unaendelea kumwekea chakula? Akaunti ya benki ya aliyetoweka haifunguki kwa machozi. Bila cheti cha kifo hakuna mirathi, na shule inataka ada Januari kama kawaida.

Mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake hapa Dar, Julai 29, 2019. Ilianza na maswali ya uraia, ikaishia kwenye mashitaka ya utakatishaji fedha, na kwetu kosa hilo halina dhamana. Akakaa Segerea, jirani yenu, kesi Mahakama ya Kisutu inaahirishwa na kuahirishwa. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, alijitokeza hadharani kumwombea mwanawe. Akafariki Desemba 31 mwaka huohuo. Mahakama iliombwa imruhusu Kabendera ahudhurie ibada ya mazishi, hakuruhusiwa. Alitoka Februari 24, 2020, kwa makubaliano na upande wa mashitaka, na kwa malipo yaliyopita shilingi milioni 100. Hiyo hela inatoka kwenye kichwa cha nani? Kwenye ukoo.

Mhariri Absalom Kibanda alivamiwa Machi 2013 akiwa amefika kwenye geti la nyumba yake Mbezi, akapoteza jicho. Kwenye geti, mwanangu, mahali ambapo mke anasikia honi na kuanza kupasha chakula. Saed Kubenea, mtu wa magazeti naye, alimwagiwa tindikali ofisini, Januari 2008, akasafirishwa India kutibiwa. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2, 2012, mchana, wenzake wapo na kamera wameshika. Asubuhi ile kwao alikuwa ameaga anakwenda kazini tu.

Nimekutajia hawa ili mkae mezani mkijua bei. Mkeo ana haki ya kuandika. Yule bibi wa kopo la Blue Band asipoandikwa na mkeo, hatapata mwingine. Lakini hatari mnaibeba watatu, na uamuzi hadi sasa umekuwa ukifanywa na mmoja mmoja, gizani. Yeye aliamua peke yake kuingia, wewe ukaamua peke yako kumtoa. Leo usiku amueni pamoja, kwa mara ya kwanza.

Usianze na "nilikuwa nakupenda ndiyo maana". Ukianza hivyo ataona unajitetea. Anza na lile la kituo cha basi, maana ndilo ulilomficha na ndilo linalomhusu zaidi. Kisha mwambie, "Mhariri hakununuliwa. Nilimwomba mimi." Halafu unyamaze. Atapiga kelele, mwache. Akitoka kwenda kukaa kwenye ngazi, mwache akae, na safari hii usimpelekee chai. Kuachana sidhani. Mwanamke aliyekaa na mwalimu mmoja kwenye miezi mibaya yote hiyo haondoki kwa sababu ya woga. Anaweza kuondoka kwa sababu ya uongo, na kila siku unayongoja unauongeza.

Akishatulia, nendeni wote wawili kwa mhariri. Wewe ndiye uliyemtia doa mtu yule, wewe ndiye wa kulifuta. Mkifika msiombe stori itoke tu. Mwombeni barua inayosema mkeo anaifanya kazi hii kwa niaba ya gazeti, kwa sababu bila barua, siku ya matatizo ataitwa "mtu aliyekuwa akituletea habari mara mojamoja". Mkumbusheni pia kuwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka vyombo vya habari viwawekee wanahabari wake bima na hifadhi ya jamii. Atakuna kichwa, wengi hukuna. Wewe sema tu. Na muulizeni kama wanaweza kuitoa pamoja na chombo kingine, siku moja, saa moja. Stori iliyo mikononi mwa watu wawili haizimwi kwa kumtisha mume wa mmoja.

Zile simu, andika zote leo: tarehe, saa, namba, maneno kama yalivyosemwa, hadi "mtoto ana bidii". Kisha nenda polisi uchukue namba ya RB, ile ya kuonyesha umeripoti. Najua unachokifikiria, nimeuona uso wako hadi huku. Nenda hata hivyo, na uende na wakili. RB haitakulinda geti, ila siku ikihitajika kuonyesha kuwa mlilalamika mapema, karatasi hiyo haina mbadala. Wakili mtafuteni sasa, wakati hamna shida. Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, THRDC, upo hapahapa Dar, kazi yao ni hiyo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia. Mkeo ana TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichopo tangu 1987, na nadhani hajawaambia kitu, kwa sababu watu wa kazi hii huona aibu kuwa wao ndio habari. Namba ya wakili muiweke kichwani, nyote wawili. Kitu cha kwanza kuchukuliwa ni simu, na watu wazima wa leo hatujui namba ya mtu yeyote.

Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kwa hiyo saa ya kwanza mtu asipopatikana ndiyo ya kuhangaika, msisubiri kesho "labda simu imeisha chaji". Mkubaliane muda: akipitiliza saa fulani bila neno, wewe unampigia nani kwanza, nani wa pili, na nani atazungumza kwa niaba ya familia. Mmoja tu. Niliona msiba mmoja wa namna hii ambao shemeji watatu walisema mambo matatu kwenye redio moja.

Na mfuko. Mimi wangu ulikuwa wa kitenge, nilishona mwenyewe. Nakala za vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi za bima, mkataba wa nyumba, na hela taslimu ya wiki mbili. Mfuko huo usikae nyumbani kwenu, ukae kwa mtu asiye ndugu. Fungueni na akaunti ya pamoja hata kama ina laki moja tu. Mwambie pia mkeo kuwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea waliojiajiri, anaweza kuchangia mwenyewe kidogo kidogo. Najua hili halisisimui kama kamera.

Mwenye nyumba mlipe kodi yake kwa wakati, umwambie machache. Mkuu wako wa shule, kwa masikio yangu, alikuwa anakuonya. Msalimie vizuri.

Kwa mama yako nenda Morogoro mwenyewe, usimjibu kwenye simu. Lile swali la mwanaume ni nani halihusu uanaume. Mama anaogopa kuzika. Mwambie, "Mama, nami naogopa. Tumekaa na mwenzangu, tumepanga hivi na hivi." Mzee akisikia kuwa kuna mpango na yeye amewekwa ndani, kelele hupungua. Kaka yako mwache na hela yake.

Mtoto msimpeleke kwa bibi usiku usiku na begi moja. Anayeondolewa ghafla hujua kuwa nyumba imeshindwa, na atadhani ni kwa sababu aliacha kuandika namba. Likizo ikifika aende kama watoto wengine, na tarehe ya kurudi aijue. Kwa sasa badilisheni anachopanda na anaposhukia, na shule iambiwe kwa maandishi ni watu gani wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua. Chagueni neno la siri la nyumbani, yeyote anayekuja akisema "mama kanituma" bila neno hilo, mtoto arudi ndani kwa mwalimu. Hilo ni la usalama wake yeye, si ulinzi wa nyumba, na watoto wanaijua tofauti.

Halafu mkae naye, nyote wawili. Mwambieni kwa kimo chake: mama anaandika kuhusu watu walioibiwa viwanja, kuna watu wamekasirika, baba na mama wana mpango, na kuanzia leo kuangalia magari ni kazi ya watu wazima. Atauliza kama mama atafungwa. Msimwambie "haiwezekani", maana karandinga analijua. Mwambieni ikitokea, nani atampikia, nani atampeleka shule, na kwamba mtakwenda kumwona mama.

Lile daftari la hisabati usilitupe wala usimchanie kurasa. Zipige picha zote za nyuma, kila namba na kila rangi, mpelekee wakili pamoja na orodha yako ya simu. Daftari lenyewe liingie kwenye mfuko. Kesho, ukitoka kazini, pitia duka lolote pale Tabata Bima umnunulie jipya, la kurasa nyingi, na mwandikie jina lake juu.